Chuma Chenye Namba

Chini ya mwembe, kwa boma la mjomba wangu huko Muthetheni, kuna Datsun 240Z isiyo na injini. Imefunikwa turubai ya kijani iliyokuwa ya lori la mchanga. Kuku walitaga ndani yake misimu miwili na hakuna aliyewafukuza, maana mahali palipokuwa na injini ni pazuri sana kwa kuatamia: pana kivuli, pana nafasi, na ukishateremsha boneti paka hafiki.

Nafasi hiyo ni karo yangu. Nitaeleza mara moja tu, halafu twende kwa historia. Mwaka wa 2019 broka mmoja alikuja kutoka Nairobi akitafuta bloku la L24 la mwanzo, lenye namba safi, kwa mteja aliyekuwa ng'ambo. Mjomba alikuwa amevua hedi miaka mingi nyuma na haijarudishwa mahali pake, kwa hivyo bloku lilikuwa wazi, rahisi kubebwa. Waliondoka nalo pamoja na krenki na pistoni zake. Pesa zile zililipa mihula mitatu ya chuo kikuu. Muhula wa nne nikaacha chuo, kwa sababu ambazo si za ukurasa huu. Hedi ilibaki kwa stoo, imefungwa gunia la mahindi, na kando yake kabureta mbili. Sasa nimepata vijipesa vya kuandika hapa na pale, na ninatafuta bloku lingine la kukalia ile hedi. Kumbe swali la "bloku gani?" lina historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Bloku ni lile pande la chuma la chini, lenye silinda ndani yake. Hedi hufungwa juu yake, krenki huning'inia chini yake. Mafuta na maji hupita ndani ya kuta zake. Kila kitu kingine kwenye injini kinaweza kufunguliwa na kuwekwa kingine, na fundi atakuambia ameoveholi injini yako. Ukibadilisha bloku, hapo anasema umebadilisha injini. Na namba ya injini imegongwa kwenye bloku lenyewe. Kwa Datsun hii imegongwa ubavuni, kwa nyuma, karibu na mahali hedi inapokutana na bloku.

Nissan walitoa gari hili mwishoni mwa 1969. Nyumbani kwao Japani liliitwa Fairlady Z, na sisi huku, pamoja na Wamarekani, tukalijua kama Datsun 240Z. Injini yake, L24, ina silinda sita kwa mstari mmoja, bloku la chuma cha kalibu na hedi ya alumini. Kila silinda ina upana wa milimita 83, na pistoni inapanda na kushuka milimita 73.7. Piga hesabu uzidishe kwa sita, unapata 2,393 cc.

Sasa chukua Datsun 1600 SSS, ile saluni ya kawaida iliyoshinda Safari Rally ya 1970 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, na Hans Schüller kando yake. Injini yake ni L16, silinda nne. Upana? Milimita 83. Mwendo wa pistoni? Milimita 73.7. Ni silinda zile zile. Mwaka uliofuata, 1971, Herrmann na Schüller walirudi na 240Z wakashinda tena, na Shekhar Mehta akaingia wa pili kwa 240Z nyingine. Kwa lugha ya gereji, bingwa wa 1971 alikuwa bingwa wa 1970 aliyeongezwa silinda mbili. Nilipomweleza mjomba jambo hili alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe hata wao walikuwa wanaunga-unga."

Datsun hawakuanza kwa kushinda. Walileta magari Safari tangu 1963, wakati mashindano yalikuwa yakifanyika Pasaka na kuzunguka nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka hiyo mabingwa walikuwa Peugeot 404, Ford Cortina, na ile Volvo ya mtumba ya Joginder Singh na ndugu yake Jaswant iliyoshinda 1965. Wajapani walikuja kujifunza jinsi gari linavyovunjika. Barabara zetu ziliwafundisha vizuri. Mapenzi ya Japani kwa Safari yalifika hadi kwenye sinema: mwaka wa 1969 kulitoka filamu kubwa ya huko kuhusu mashindano haya, na nyota wao Yujiro Ishihara ndiye dereva. Watu wa Tokyo walikaa gizani wakitazama vumbi letu.

Mwaka wa 1973 ndio mjomba anaupenda. Safari iliingia kwenye ubingwa wa dunia wa rali uliokuwa unaanza mwaka huo, na mwisho wa safari Mehta katika 240Z na Harry Källström wa Sweden katika Datsun 1800 SSS walikuwa na adhabu sawasawa. Ikabidi itumike kanuni ya kuvunja sare, na Mehta na msoma-ramani wake Lofty Drews wakapewa ushindi. Mehta alikuwa mtoto wa familia ya Kihindi ya Uganda, wale wa sukari ya Lugazi, na ni miezi michache tu Idi Amin alikuwa amewapa Waasia siku 90 za kuondoka. Alikimbiza gari lile akiwa mtu aliyepoteza nyumbani. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun ndogo za silinda nne, na injini zile nazo zilitoka kwa ukoo ule ule wa L.

Mjomba alikuwa na miaka kumi na mmoja 1973. Anasema aliamka usiku na wenzake wakatembea hadi barabara ambayo wakubwa walisema magari yatapita, wakakaa juu ya mti mpaka jua likawaka, na akaliona: jekundu, boneti nyeusi, taa nyingi mbele kama macho ya buibui. Mama yangu, ambaye ni dada yake mdogo, anasema huyo alilala mtini na magari yakapita. Ubishi huu una zaidi ya miaka hamsini sasa na sidhani utaisha. Kilicho hakika ni kwamba miaka ya tisini, akiwa dereva wa kampuni moja huko Industrial Area, mjomba alinunua 240Z iliyokufa kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, akaivuta kwa lori mpaka Muthetheni. Watu walicheka. Gari la viti viwili, chini chini, katika kijiji ambacho mtu ananunua gari ili abebe maembe na watu tisa.

Turudi kwa bloku.

Jambo lililonishangaza nikisoma kuhusu rali za enzi zile ni kanuni. Timu ziliruhusiwa kubadilisha karibu kila kitu njiani. Giaboksi lingeshushwa na lingine kupandishwa chini ya dakika chache, mafundi wamelala kwenye matope. Sasupensheni, milango, difu, vyote vilikuwa vya kubadilisha. Vitu viwili tu vilipigwa alama na wakaguzi kabla ya kuondoka, na vilitakiwa virudi vile vile: bodi na bloku la injini. Ukirudi na bodi nyingine au bloku lingine, hukurudi na gari lile.

Sasa fungua logbuku yoyote ya Kenya. Kuna namba ya chesisi na kuna namba ya injini. Taa, viti, giaboksi, hakuna anayeuliza. Sheria ya serikali na sheria ya rali zimekubaliana, bila kukaa mkutano, kuhusu gari ni nini. Ukibadilisha injini unatakiwa kuwajulisha NTSA, gari likaguliwe, na logbuku irekebishwe. Kwa hiyo kijana anayetafuta bloku chini ya mwembe Muthetheni ana kazi mbili: atafute chuma, na atafute karatasi za chuma.

Kwa matajiri wa ng'ambo jambo hili limegeuka kuwa dini. Gari la zamani ambalo bado lina bloku lililozaliwa nalo lina bei nyingine kabisa, na lisilo nalo linaangaliwa kama mtu aliyebadilisha jina. Ndiyo maana broka alikuja mpaka kwetu. Hata hapa Nairobi, kwenye Concours d'Elegance ya Ngong Racecourse, utaona watu wamepiga magoti na kitambaa wakipangusa vitu ambavyo havitaonekana gari likitembea. Siwacheki. Lakini historia ya magari ya hapa kwetu, kwa maoni yangu, haikuandikwa na walioacha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Iliandikwa Kirinyaga Road.

Kirinyaga Road wazee bado wanaiita Grogan, kwa jina la Ewart Grogan, yule mkoloni aliyejulikana kwa kutembea kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo. Barabara yenye jina la mtu aliyetembea ikaja kuwa soko la vipuri vya magari. Historia ina mizaha. Biashara ilipofunguliwa miaka ya tisini na magari ya mtumba ya Japani yakaanza kumwagika bandarini Mombasa, injini nazo zilikuja zimepangwa kama magunia: "ex-Japan", zimefungwa nailoni, nyaya zimekatwa kwa kisu. Hapo ndipo fundi wa Kenya alipoacha kutengeneza injini na kuanza kuibadilisha. Imenoki? Usisumbuke na ringi na kupanua silinda. Nunua nyingine nzima. Ni rahisi, ni haraka, na ujuzi fulani ulianza kufa pole pole. Karakana za mashine za kupanua silinda na kutia slivu bado zipo, lakini ukiingia utakuta fundi mwenye mvi na kijana mmoja tu anayejifunza, na mara nyingi kijana huyo ni mwanawe.

Mimi nilianzia huko. Jamaa mmoja alinionyesha 1JZ ya Toyota, silinda sita, 2,492 cc, iliyotoka kwenye Mark II. Akaniambia nisihangaike na mambo ya mababu. Na kwa ukweli hakukosea: ni injini ngumu, vipuri vipo kila kona, na nguvu yake inaizidi L24 bila kutoa jasho. Lakini ingetaka vishikio vipya vichomelewe kwenye bodi, nyaya mpya, tangi la petroli lirekebishwe, na ile hedi ya gunia iwe chuma chakavu. Mjomba alisikiliza yote kwa simu, halafu akauliza, "Hiyo hedi utaiweka wapi?" Nikajua jibu lake.

Duka la pili, ambalo sitalitaja, lilikuwa na bloku la silinda sita la Nissan. Nilifurahi mpaka nilipopitisha kidole mahali pa namba. Palikuwa laini kama sabuni. Mtu alikuwa amepiga grainda. Muuzaji akasema namba "ilikuwa na kutu". Bloku lililofutwa namba halina mama, na ukikutwa nalo utaeleza wewe, si yeye. Niliondoka.

La tatu lilikuwa Machakos mjini, nyuma ya gereji, limeinama kwenye nyasi: L24 halisi, lenye herufi za kalibu P30 ubavuni, bloku la 240Z kabisa. Nilipiga picha nikamtumia mjomba kabla hata ya kusalimia. Lakini ukitaka kujua bloku usiangalie herufi. Fundi niliyeenda naye alitoa vile vifuniko vidogo vya duara vilivyo ubavuni, ambavyo hufunika matundu yaliyobaki bloku lilipomiminwa kwenye kalibu. Nyuma yake kulikuwa na udongo wa rangi ya chai. Mwenye gari hilo, popote alipo, alikuwa akitia rejeta maji ya kisima.

Mtu wa Ukambani ataelewa bila maelezo. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi. Unaoga, sabuni haitoi povu. Unachemsha chai, sufuria inabaki na ganda jeupe. Maji hayo hayo ndani ya bloku la chuma yanafanya kazi mbili kwa pamoja: yanaacha ganda linalozuia joto kutoka, na yanakula chuma kutoka ndani, mahali ambapo huwezi kuona mpaka siku ukuta wa silinda utakapotoboka. Fundi aliziba matundu ya chini, akamimina mafuta ya taa kwenye njia za maji, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi kulikuwa na mstari mwembamba, umelowa, ndani ya silinda ya tano. Slivu ingewezekana. Lakini ukuta ukiwa umekonda hapo, umekonda pia mahali ambapo bado hapajalowa. Alinionyesha kwa kugonga na nyundo ndogo: upande wa mbele unalia kama kengele, nyuma unajibu kama mbao.

Hapo nilikasirika, sijui na nani. Magari haya yaliokoka Pasaka zote hizo za matope na mawe, halafu yanauawa na ndoo ya maji.

Bloku tulilonunua lilitoka kwenye Nissan Patrol.

Najua linavyosikika. Lakini ukoo wa L haukuishia kwa L24. Nissan waliendelea kuukuza: kwanza wakarefusha mwendo wa pistoni hadi milimita 79 wakapata L26, halafu wakapanua silinda hadi 86 wakapata L28, yenye 2,753 cc. L28 ndiyo iliyobebwa na 280Z Marekani, na ndiyo hiyo hiyo waliyoiweka kwenye saluni kubwa na kwenye Patrol za petroli za miaka ya themanini. Gari la mbio na gari la kuvuta trela, moyo mmoja. Boliti za hedi zinalingana, vishikio vinalingana, na wenye Z duniani kote wamekuwa wakifanya mabadiliko haya kwa miongo. Wengine huenda mbali zaidi, wakachukua krenki ya LD28, ile dizeli ya ukoo huu, yenye mwendo wa milimita 83, wakapanua silinda hadi 89 na kufikisha karibu lita 3.1. Sisi hatuna pesa ya mambo hayo.

Tulichoangalia ni kimoja: hedi yetu. Ni E31, hedi ya 240Z za kwanza, na vyumba vyake vya kuchomea petroli ni vidogo. Ukiiweka juu ya bloku kubwa, hewa na petroli nyingi zaidi inabanwa kwenye nafasi ile ile ndogo. Pistoni zikiwa bapa, mgandamizo unapanda mpaka petroli inalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na hapo umerudi kwa broka. Pistoni za Patrol lile zina kishimo juu, na kishimo hicho ndicho kilichotuokoa. Fundi alipima silinda kwa juu, katikati na chini, akizungusha kipimo pande mbili. Zilikuwa zimelika kidogo juu, zote sita karibu sawa, jambo ambalo alilipenda kuliko kama moja tu ingekuwa nzuri sana. Zitapanuliwa kidogo na kutiwa pistoni za saizi inayofuata, zenye kishimo vile vile. Njia za maji zilikuwa safi. Mwenye Patrol alikuwa mzee wa Masii aliyetia rejeta maji ya mvua aliyokinga kwenye tangi, na alikuwa na logbuku, na alikubali kuandika barua ya mauzo huku akilalamika kuwa siku hizi hata chuma kinataka barua.

Mpinzani wangu mkuu alikuwa mimi mwenyewe. Nilikuwa nimejiwekea kwamba nitarudisha kile kilichoondoka, L24 kwa L24, ili deni liwe limefutika kabisa. Bloku la Patrol linafuta tu nusu. Logbuku itasomeka injini nyingine, 2,753 badala ya 2,393, na hakuna mnunuzi wa ng'ambo atakayeliita gari lile halisi tena. Ile 240Z iliyoshinda 1971 iko kwenye hazina ya magari ya Nissan huko Zama, Japani, inang'aa. Ya kwetu haitawahi kuwa vile. Niliyasema haya kwa mjomba jioni moja. Alikuwa anachambua maharagwe, na macho yake siku hizi si mazuri, kwa hivyo anachambua kwa vidole.

"Ile injini niliuza mimi," akasema. "Hukuiuza wewe. Sasa unataka kulipa deni la nani?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea na maharagwe.

Bloku lilifika Jumamosi, nyuma ya pikapu, limelala kwenye tairi kuukuu. Vijana watatu walilishusha. Mjomba alikuja akipapasa ukingo wa pikapu, akaomba maji na kitambaa, maji ya tangi, akasisitiza, akapangusa ubavu kwa nyuma mpaka chuma kikawa baridi na safi. Halafu akaweka kidole cha shahada kwenye tarakimu ya kwanza na kuanza kuzisoma kwa sauti, moja moja, huku mimi nikiandika kwenye fomu ya ukaguzi. Tarakimu ya nne alisema ni nane. Mimi niliona tatu. Tukapangusa tena.